Umeacha samaki na nyama, mbona uzito haushuki?

Dada wa Malindi, kwa ulivyoeleza (mahamri manne na mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana, viazi karai jioni), shida ni tui na mafuta. Kikombe cha tui zito hakipungui kalori 400, na kijiko kikubwa cha mafuta kina 120 hivi.

Mbaazi usiziache, ndizo zitakazokushibisha. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka zilainike, kisha tia nusu kikombe cha tui la pili kwa sufuria ya watu wanne. Ukila kikombe kimoja unapata protini kama gramu 11. Pojo zina 14. Badala ya mahamri, kula muhogo wa kuchemsha, vipande viwili tu, maana nao ni wanga.

Wali upike bila nazi, kikombe kimoja, na nusu ya sahani iwe mchicha au bamia. Kamulia ndimu, inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ngoja saa moja baada ya kula, kwani huyazuia.

Wengi hukosea kushinda na matunda peke yake: ikifika magharibi njaa inauma, wanamalizia kwenye bajia. Embe litafune, usilisage na sukari.

Na kama hata mayai na maziwa huli, muulize daktari tembe za vitamini B12, kwa sababu mboga na nafaka hazina.