Chupa za Botox kwenye friji iliyozima: zitumike au zitupwe?

Dada, nimekuelewa: umeme ulikatika usiku kucha, friji ya kliniki ikazima, na ndani kuna chupa za Botox (dawa ya kudunga ya kupunguza makunyanzi) ambazo hazijafunguliwa pamoja na sirinji za fila (jeli ya kudunga ya kujaza ngozi). Unauliza kama bado zinafaa.

Fila zisikuumize kichwa. Nyingi za asidi ya hialuroniki, aina ya fila inayotumika sana, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 25 za Selsiasi, ilimradi hazikuganda wala kupigwa na jua. Soma boksi uhakikishe.

Botox ndiyo yenye kazi. Inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiharibika huwezi kuiona kwa macho: utando mweupe mkavu ni ule ule chini ya chupa. Usiijaribu kwa mteja! Zitenge, ziandike "zisitumike", zibaki kwenye baridi, kisha mpigie msambazaji ukiwa na namba ya bechi, saa umeme ulipokatika na joto ulilolikuta. Huna kipimajoto ndani ya friji? Basi hakuna wa kukuhakikishia. Zitupe kama taka za dawa. Inauma, najua, bei yake si mchezo.

Botox uliyokwisha kuichanganya na maji ya chumvi ili kuidunga haina mjadala: itupe. Hata kwenye baridi, lebo huipa saa 24 tu.

Nunua kipimajoto kinachotunza kiwango cha juu na cha chini, na usipange chupa mlangoni mwa friji.

Kama kuna mteja uliyemdunga tayari na anapata shida ya kumeza, kupumua au kuona, apelekwe hospitali hapo hapo.