Kabla hujaburuta fomula hadi chini

Wiki yangu ya tatu kazini nilipewa jedwali la Excel lenye saa za wafanyakazi. Saa za kila mtu zilikuwa safuwima B, na kiwango cha malipo kiliandikwa mara moja tu, juu kabisa, kwenye E1. Nikaandika kwenye C2 =B2*E1, jibu likatoka sawa, nikaburuta hadi chini kwa raha zangu. Mtu wa pili akapata sifuri. Wa tatu sifuri. Wa nne akapata #VALUE!, maana kwenye E4 kuna mtu alikuwa ameandika maelezo. Asubuhi nzima nikaimaliza nikirekebisha fomula mojamoja kwa mkono.

Wewe usipite huko. Ukisoma E1 unaona jina la mahali. Programu, unaponakili fomula, inasoma maelekezo ya njia: kutoka hapa nilipo, nenda safuwima mbili kulia, panda mstari mmoja. Ni sawa na kumwambia mtu "nyumba ya tatu kushoto". Atafika kwingine kabisa akianzia kwingine. Kwa hiyo fomula iliposhuka C3 ikatafuta E2, ilikuwa imetii nilichoiagiza.

Alama ya dola ndiyo msumari. $E$1 imegongomewa pande zote mbili, E$1 imegongomewa mstari tu, $E1 safuwima tu. Kwenye Excel ya Windows, weka kishale juu ya rejea (anwani ya seli, kama E1) ndani ya fomula kisha bonyeza F4, nayo itazunguka hatua hizo kwa zamu. Baadhi ya kompyuta za mkononi hudai Fn pamoja nayo.

Ukitaka jambo hili likuingie, tengeneza jedwali la kuzidisha. Andika 1 hadi 12 kuanzia B1 kwenda kulia, na 1 hadi 12 kuanzia A2 kwenda chini. Sasa jaribu kujaza seli zote 144 kwa fomula moja. Utakosea mara mbili tatu, na namba zitavimba ajabu. Jibu ni =$A2*B$1: rejea ya kwanza isiondoke safuwima A, ya pili isiondoke mstari wa 1. Nimewafundisha wenzangu kadhaa kazini, na sijaona maelezo yanayoshinda zoezi hili.

Jambo dogo ambalo huwachanganya wengi: ukikata seli na kuibandika pengine, rejea zilizo ndani ya fomula yake hazibadiliki. Ukinakili, husogea.

Sasa yale maandishi yenye alama ya reli. #DIV/0! ni kugawanya kwa sifuri au kwa seli tupu. #NAME? mara nyingi ni jina la fomula ulilolikosea herufi, au maneno uliyoyaacha bila alama za kunukuu. ##### kwa kawaida si kosa kabisa, panua safuwima. Na ukiona jumla yako ya chini imegeuka #DIV/0!, usiishike jumla: kosa hupita kutoka seli hadi seli, kwa hiyo panda juu utafute lilipoanzia.

#REF! ndiyo ya kuogopa. Inatokea umefuta mstari au safuwima ambayo fomula iliitegemea, na rejea ya zamani haimo tena ndani ya fomula. Acha kila kitu, bonyeza Ctrl+Z hapohapo kutengua ulichofanya. Ukihifadhi na kufunga faili, utabaki kukisia.

#N/A maana yake kilichotafutwa hakikuonekana. Watu hukimbilia kulaumu data, na kweli, nafasi tupu mwishoni mwa jina huleta shida hiyo, TRIM huiondoa. Lakini angalia kama VLOOKUP yako (fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali na kuleta taarifa zake) inapata majibu mistari ya juu halafu inaanza kukosa chini. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba hukugongomea eneo la kutafutia, nalo limekuwa likiteleza kila unapoburuta na kuacha watu wa juu nje. Ni kosa la dola lililovaa kanzu ya #N/A. Tafadhali, usilifunike kwa IFERROR, fomula inayoweka kitu kingine mahali pa kosa, kabla hujajua limetoka wapi.

Hayo yote angalau yanapiga kelele. Mabaya zaidi ni makosa ya kimya. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamivu, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake, walionyesha kwamba wastani mmoja kwenye lahajedwali la Reinhart na Rogoff ulichukua mstari wa 30 hadi 44 badala ya 30 hadi 49. Nchi tano zikaachwa nje. Haikuwa kasoro pekee waliyoikuta, lakini seli ile haikuonyesha alama yoyote. Ilionyesha namba nzuri tu. Ndiyo maana kabla ya kutuma faili mimi hubonyeza F2 kwenye seli ya mwisho ya kila safuwima na kwenye kila jumla, nione fremu za rangi zimezunguka nini.

Kosa jingine la kimya ni namba zilizohifadhiwa kama maandishi, hasa ukizinakili kutoka mfumo mwingine. SUM, fomula ya kujumlisha, huziruka bila kukuambia, ilhali =B2+B3 huzikubali, ndiyo sababu njia mbili zinaweza kukupa jumla mbili tofauti. Kama hujabadilisha mpangilio, zitakuwa zimeegemea kushoto mwa seli. Ukiwa na shaka, andika =ISNUMBER(B2) pembeni uburute hadi chini, na safari hii usiweke dola. Itakuandikia TRUE penye namba halisi, FALSE pasipo na namba.