Umepata nafasi kituo cha masomo ya Afrika Marekani? Soma hii kabla hujakubali "kazi ya jamii"

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita wa saba hivi napata meseji za vijana wa nyumbani waliopata nafasi Marekani, wanaenda kusoma masta kwenye vituo vya masomo ya Afrika na wanalipiwa ada kwa kufundisha Kiswahili, na karibu wote wanauliza viza, baridi na hela ya kuanzia. Hayo utayamaliza, wenzako walishapita. Mimi nataka kuongelea kitu ambacho mimi sikuambiwa na mtu. Ukishafika, kuna siku mkuu wa kituo atakuita ofisini akwambie mjini hapa kuna jamii kubwa ya Waafrika, tunataka ushirikiano nao, wewe unaongea lugha yao, tusaidie. Mimi niliitwa wiki ya tatu, nikasema ndio bila kuuliza swali hata moja.

Mji wenyewe ni wa kawaida tu, katikati ya Marekani, mashamba ya mahindi na maghala makubwa, na hao "Waafrika" wengi wao walikuwa Wakongo wa Kivu ya Kusini, watu wa Uvira na Fizi, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, mkoa wa Kigoma. Ile kambi imeanza 1996 kwa hiyo kuna vijana wamezaliwa mlemle, wamesoma mlemle, wakapandishwa ndege kuja Marekani na Kongo yenyewe hawajawahi kuiona. Mimi mtu wa Tanga, Kigoma sijawahi kufika, nikawa nakaa kwenye kochi la mama mmoja ananielezea mvua za Kasulu na foleni ya mgao wa unga. Alikuwa anaifahamu sehemu ya nchi yangu ambayo mimi siifahamu.

Sasa kituo kilikuwa kinataka usiku wa utamaduni. Ngoma, vitenge, chakula, wanafunzi wa chuo waje waone. Nikaandika andiko la mradi, hela ikapita, ndo nikaenda kuitisha kikao na jamii. Yani ona mpangilio huo, hela kwanza halafu watu. Wakaja watu kumi na moja, wakasikiliza kwa adabu kabisa, na mwisho mama mmoja akaomba kusema. Akasema, "Barua ikitoka ku masomo, mutoto ndo anatusomeaka. Sasa kama barua inamushitaki ye mwenyewe, atanisomea nini?" Wenzake wakaitikia wote kwa pamoja, akaingia mwingine na mambo ya leseni, kwamba kiwanda kiko mbali, shifti inaanza saa kumi na moja alfajiri, basi hakuna muda huo, na kile kitabu cha sheria za barabarani kimeandikwa Kingereza ambacho hata mtu aliyekisoma miaka miwili kinamshinda. Hakuna aliyetaja ngoma.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, waulize watu kabla hujaandika andiko, na ujiandae kwamba jibu lao linaweza lisifanane kabisa na kitu ambacho chuo kinakiita masomo ya Afrika.

Inasaidia pia kujua kwa nini kituo chako kinaitafuta jamii. Chuo Kikuu cha Northwestern walianzisha programu yao 1948 chini ya mwanaanthropolojia Melville Herskovits, lakini vituo vingi vilipata nguvu baada ya sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa ya 1958, mwaka mmoja tu baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik, serikali ya Marekani ikaona inahitaji watu wanaojua lugha na nchi za watu wengine, ikatoa hela. Hela hiyo ilikuwa inakuja na masharti, mojawapo ni kwamba kituo kihudumie watu wa nje ya chuo, walimu wa shule na jamii kwa ujumla, na kila mwaka kiripoti kimefanya nini na kimewafikia wangapi. Sherehe ya watu mia mbili inaonekana vizuri sana kwenye ripoti, mama sita wanaosoma alama za barabarani haionekani. Na swali la elimu hii ni ya nani wala sio jipya, 1969 kule Montreal wasomi weusi waliusimamisha mkutano wa chama cha Marekani cha masomo ya Afrika wakilidai jibu hilohilo.

Nilirudi kituoni nikaomba ile hela tuigeuze iwe darasa la leseni, nikaambiwa hapana, haiendani na lengo la mfuko. Niliumia, lakini profesa wangu wa lugha alinipa wazo ambalo mpaka leo nawapa watu. Tulichukua wanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, kazi yao ya semista ikawa kutafsiri sura za kile kitabu na kuja kuzifundisha Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Wale wanafunzi walikuwa hawajawahi kukutana na Kiswahili nje ya kitabu, sasa wanakaa na mama anayewauliza kwa nini usimame kwenye taa nyekundu halafu bado uruhusiwe kukata kulia. Walijifunza lugha kuliko semista zote walizopita. Na kwenye ripoti ya kituo ikaingia kama mafunzo ya vitendo, kila mtu akapata chake bila mtu kudanganywa.

La barua za shule lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kwa mwongozo wa serikali wa wakati ule, sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilizibana shule zinazopokea hela ya serikali kuu, zilitakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, walete mkalimani mtu mzima, sio mtoto. Wazazi walikuwa hawajui kama ni haki yao. Tuliwaandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili, mzazi anaenda nao shuleni anauonyesha. Basi.

Sasa hapa kwenye lugha naomba unisikilize vizuri ndugu yangu mwalimu wa Kiswahili. Mwezi wa kwanza nilikuwa nawasahihisha. Mtu akisema batoto mimi nasema watoto, akisema muzuri mimi nasema mzuri, kwa nia njema kabisa. Kuna mama akaacha kuongea kwenye darasa, nikimuuliza anajibu kwa kichwa, baadaye mwanae ndo akanambia mama anasema Kiswahili chake hakifai. Ile iliniuma sana na bado inaniuma. Hicho tunachokiita sanifu ni Kiunguja kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa 1928 na serikali za kikoloni za huku Afrika Mashariki, Wakongo wa Kivu hawakuwepo, na Kiswahili chao kimewavusha vita, kambi na bahari. Nilienda kwake nikamuomba radhi mbele ya wanae. Halafu nikaanza kuandika maneno yake kwenye daftari, na semista iliyofuata nikamkaribisha aje kuongea darasani chuoni, kama mwalimu mgeni, kwa malipo.

Malipo hayo ndo yakaleta kesi nyingine. Chuo kilichukua wiki saba kumlipa. Kuna fomu ya kodi, kuna fomu ya kusajiliwa kama mtoa huduma, kuna sahihi tatu, na yeye alikuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo kwa hiyo mshahara wake ulikatwa papohapo huku ya kwetu haijaja. Kabla hujamwalika mtu yeyote nenda kwa mhasibu wa kituo, muulize hela inatoka lini na kwa karatasi gani, na kama jamii ina chama kilichosajiliwa ulizia kama chuo kinaweza kulipa chama kwanza nacho kikamlipa mtu siku hiyohiyo. Mstari wa malipo uweke kwenye bajeti toka siku ya kwanza. Mtu anayekufundishia darasa sio wa kushukuriwa kwa sambusa na fulana ya chuo.

Wewe mwenyewe je? Uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kazi yako ni ndani ya kampasi na mwisho saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Hospitali zitakutafuta uwatafsirie kwa hela nzuri. Usipokee bila kibali, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza.

Kingine, usiseme "jamii ya Wakongo" kama ni kitu kimoja. Nilishawahi kuitisha kikao kimoja cha Wabembe na Wanyamulenge, makabila mawili ya Kivu ya Kusini, nikidhani wote ni watu wa kambi moja, sikujua vita vilikuwa vimewaweka pande tofauti na kuna watu mle ndani walikuwa wamezika ndugu zao. Kikao kilikuwa kimya, kikavunjika mapema. Mzee mmoja mchungaji ndo akanielekeza, anza na viongozi wa kila upande nyumbani kwao, nenda kwenye ibada zao, nenda kwenye misiba na utoe mchango wako kwa kamati kama wengine. Ilinichukua miezi minne ya Jumapili, ibada zinaanza saa saba mchana kwa sababu asubuhi wenye kanisa wanalitumia. Sikuandika chochote miezi hiyo minne.

Na kama utafiti wako unawahusu, jua kwamba karatasi ya kusaini inawatisha. Watu hawa wamesaini makaratasi miaka na miaka, na sahihi moja ilikuwa inaweza kuamua kama familia inapanda ndege au inabaki Nyarugusu. Ukiwawekea fomu ya ridhaa ya kurasa nne watasaini kwa woga, hiyo sio ridhaa. Bodi ya maadili ya chuo inaweza kukuruhusu uchukue ridhaa ya mdomo, lazima uombe na ueleze sababu, mimi niliomba na nikapewa.

Mwisho, waambie tarehe yako ya kuondoka mapema. Wanafunzi wa chuo wanakuja mwezi wa nane wanapotea mwezi wa tano, na jamii imeshazoea kuachwa hewani. Mimi niliwaambia Januari, tukatumia muhula mzima kukabidhiana, nikamleta mwalimu aliyekuwa anakuja kuchukua nafasi yangu, na darasa la leseni nikalikabidhi kwa wale mama wenyewe waliokuwa wameshafaulu. Jumamosi yangu ya mwisho nilikaa nyuma. Yule mama niliyemnyamazisha ndo alikuwa mbele anafundisha, anasema batoto, anasema muzuri, na wanafunzi wa chuo wanaandika.