Re: Usukani wa baiskeli ya traki, 36 au 38?

Mkuu, habari za Moshi. Kama nimekuelewa, baiskeli yako ya traki (ya mbio za uwanjani) imekuja na usukani wa sm 42, mabega yako mfupa kwa mfupa ni 39, na umekwama kati ya kununua wa 36 na wa 38.

Kwanza muulize muuzaji amepimaje. Wengine hupima katikati ya bomba hadi katikati, wengine nje kwa nje, na tofauti hukaribia sm 2. Kwa hiyo "38" ya huyu inaweza kuwa "36" ya yule. Pima pia unene wa sehemu inayobanwa na shingo (kipande kinachoshika usukani): 25.4, 26.0 au 31.8 mm. Hizo mbili za kwanza hudanganya macho. Fundi akilazimisha 25.4 kwenye shingo ya 26.0, usukani utazunguka siku unapovuta kwa nguvu.

Kwa mabega hayo, kama ni mbio fupi za kuanza umesimama ningechukua 38 ya katikati kwa katikati. Mwembamba zaidi hukunyima nguvu ya kuvuta na gurudumu la mbele huyumba. Kama ni mbio ndefu za kundi, 36 hukata upepo vizuri, ila soma kanuni za mashindano kwanza, maana UCI (shirikisho la baiskeli la dunia) ina kiwango cha chini cha upana.

Ukishika pembe za chini, vigasha visiguse bomba la juu la usukani. Vikigusa, kosa mara nyingi ni mkunjo wa usukani.

Na kama baiskeli haina breki, ijaribie uwanja wa nyasi, siyo barabara ya Arusha na Noah zake.