Jibu: Safari ya tanga kwenda Ukerewe wakati wa dhoruba

Ndugu yangu, umeuliza kama klabu yenu iendelee na safari ya Jumamosi kwa mashua ya tanga kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, ilhali utabiri unataja upepo mkali na radi. Ninakusihi msivuke. Ndani ya Ghuba ya Mwanza nchi kavu iko karibu pande zote mbili, lakini mkishatoka kuelekea Ukerewe, mashua hubaki wazi kwa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana bila kumpa nahodha nafasi ya kuituliza.

Wengi hudhani kwamba kuondoka alfajiri ni salama zaidi. Katika msimu wa mvua sivyo, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati na kuzua mawingu ya radi, ambayo mara nyingi hudumu hadi asubuhi. Hapo mlingoti wenu ndio kitu kirefu kuliko vyote majini.

Upepo ukipungua mchana, zungukeni Kisiwa cha Saanane, kilicho karibu na mji wa Mwanza, tanga likiwa limepunguzwa tangu ufukweni na kila mtu, hata mwogeleaji hodari, akiwa amekwisha kufunga jaketi lake la kujiokolea. Ukerewe mwende wiki nyingine.