AC inapoza lakini upepo ni hafifu: kagua njia ya hewa kabla ya kuongeza gesi tena

Mkuu, umesema gari ni la zamani, AC inapoza vizuri ila upepo ni mdogo hata ukiweka feni namba nne, waliokaa nyuma hawapati kitu, na fundi keshaongeza gesi mara mbili bila mabadiliko. Nakuomba usitoe tena hela ya gesi. Gesi kazi yake ni ubaridi; upepo unaletwa na feni iliyo ndani ya dashibodi. Tena gesi ikizidi kipimo, presha inapanda, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) inalemewa, na ubaridi wenyewe unapungua. Kama hewa inayotoka ni baridi kweli ila ni kidogo, basi kuna kitu kimeiziba njiani, au feni haizunguki kwa nguvu yake, au hewa inavujia pengine kabla ya kukufikia. Gari langu, ambalo nalo ni mzee, limenipitisha kwenye yote matatu kwa nyakati tofauti, na kila mara jibu la kwanza nililopewa gereji lilikuwa gesi.

Anza kwa kusikiliza. Washa injini, zima AC, weka feni namba ya mwisho. Ikivuma kwa nguvu na upepo kwenye matundu ni kidogo, mota ni nzima, tafuta kizuizi au uvujaji. Ikivuma kinyonge, tatizo ni mota yenyewe au umeme unaoifikia. Rizista, yaani kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni ili upate spidi za chini, usiihangaikie kwa sasa. Rizista ikiungua kwa kawaida zinakufa spidi za chini na inabaki ile kubwa peke yake, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani namba ya mwisho haipitii rizista kabisa. Wewe namba nne ndiyo inayokusumbua.

Cha kwanza kufungua ni filta ya hewa ya ndani. Mara nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Watu wanabadilisha filta ya injini kila sevisi na hii wanaisahau kwa miaka. Itoe, kisha washa feni bila filta. Upepo ukirudi, umemaliza: nunua mpya, na unapoiweka fuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Kuipiga upepo wa kompresa ya gereji ili uirudishe sikushauri, maana vumbi laini linabaki ndani ya nyuzi na karatasi inachanika. Yapo pia magari ya zamani yasiyo na filta hii, hata sehemu ya kuiweka hakuna. Kama lako ni la aina hiyo, vumbi la miaka yote limeingia moja kwa moja kwenye feni na evapareta, ile koili ya baridi inayopoza hewa.

Hapo sasa ishushe feni. Kwenye magari mengi iko chini ya dashibodi miguuni kwa abiria, imeshikwa na skrubu chache na plagi moja. Chomoa betri kwanza, na kama kuna begi la hewa upande huo, subiri dakika kadhaa kabla hujaanza kugusa nyaya. Angalia lile duara lenye vipanga vingi vidogo. Kila kipanga kimepinda kama kijiko, na ule mpindo ndio unaochota hewa na kuirusha. Kwenye gari langu mipindo yote ilikuwa imejaa vumbi lililogandamana na nywele, hadi duara likawa karibu laini ukipitisha kidole. Mota ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ila haikuwa na cha kuchotea. Safisha kwa brashi laini na maji ya sabuni, ila mota usiiloweshe. Vilevile shika duara kwa mkono mmoja na mhimili wa mota kwa mwingine, ujaribu kuvizungusha kinyume. Duara likiteleza kwenye mhimili, utasikia mota inalia na upepo hautoki.

Kama feni imewahi kubadilishwa, hakikisha inazunguka upande sahihi. Feni ya aina hii ikizungushwa kinyume bado inapuliza kuelekea matunduni, ila kwa nguvu ndogo sana. Fundi akigeuza chanya na hasi kwenye plagi, mtu anaweza kukaa mwaka mzima na feni mpya inayopuliza kinyonge. Tazama mpindo wa vipanga, ulinganishe na feni ya zamani kama bado ipo.

Feni ikiwa nje, mulika tochi ndani ya tundu lake uitafute evapareta. Hiyo ina vibati vyembamba vya alumini vilivyobanana, na muda wote AC ikifanya kazi vinatoa jasho. Vumbi likikutana na unyevu linakuwa tope, tope likikauka linakuwa zulia. Tumia povu maalumu la kusafishia koili za AC, lile lisilo na asidi, liache lifanye kazi, kisha acha maji yashuke kwenye kibomba cha chini ya gari. Kibomba hicho kikiwa kimeziba, zibua kwanza, la sivyo maji yote yataishia kwenye zulia la abiria. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo: vibati vinalala na hutaweza kuvinyoosha. Ikibidi evapareta itolewe, gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani.

Kuna dalili moja inayochanganya wengi. Je, upepo unaanza vizuri, halafu baada ya nusu saa hivi ya safari unafifia? Hiyo ni barafu. Evapareta inaganda, na barafu inaziba nafasi kati ya vibati. Zima AC, acha feni ikiendelea. Upepo ukirudi baada ya robo saa na maji mengi yakadondoka chini ya gari, umepata jibu. Kagua kihisi cha joto kilichochomekwa kwenye evapareta, ambacho kazi yake ni kuzima kompresa kabla vibati havijafika sifuri. Hapa tu ndipo gesi inaweza kuhusika na upepo, kwa sababu gesi pungufu nayo hugandisha sehemu ya evapareta. Lakini ipimwe kwa uzito unaotakiwa, isiongezwe kwa kukisia.

Feni ikiwa safi na bado inavuma kinyonge, chukua mita. Injini ikiwa inawaka na feni iko namba nne, pima betri, kisha pima kwenye plagi ya feni ikiwa imechomekwa. Betri ikisoma volti 14 na feni 11, hizo 3 zimepotelea njiani: kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi, plagi iliyoungua, au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) wenye kutu. Kwa ethi, weka ncha moja kwenye hasi ya feni na nyingine kwenye hasi ya betri. Isomeke karibu na sifuri. Plagi iliyobadilika rangi au kuyeyuka, ibadilishe. Usifunge fyuzi kubwa zaidi ya iliyoandikwa, kwa maana waya ndio utakaoungua badala yake.

Halafu kuna vilango vya ndani vinavyopeleka hewa usoni, miguuni au kwenye kioo. Sponji zake huoza. Ukiona punje nyeusi zinaruka kutoka matunduni, ndizo hizo. Weka hewa ya usoni, pitisha mkono miguuni na chini ya kioo cha mbele. Ukikuta upepo mwingi huko, unavuja. Kama dashibodi imewahi kushushwa, angalia pia kama mabomba ya plastiki yamerudishwa sawasawa, hasa linalopeleka hewa nyuma ikiwa gari lako linalo.

La mwisho hufanyika bila kufungua kitu. Weka hewa ya nje, funga vioo vyote, sikia upepo, kisha shusha kioo kimoja kidogo. Upepo ukiongezeka, hewa ya ndani haina pa kutokea: vile vidirisha vya mpira vya nyuma, ndani ya buti au nyuma ya bampa, vimezibwa na mizigo au zulia la kuongezea.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la kusikiliza na la kutoa filta, upime na volti. Andika hapa ulichopata, pamoja na kama upepo unafifia kadiri unavyoendesha au ni hafifu tangu mwanzo, nami nitakuambia ufungue wapi.