Jibu: Kwa nini mikoko yenu inakufa ukingoni mwa bahari

Ndugu, unasema kikundi chenu kimepanda mikoko kwenye tope tupu mbele ya msitu na karibu yote imekufa. Nadhani tatizo ni mahali, si mbegu. Tope lile hufunikwa na maji saa nyingi mno, mawimbi huing'oa miche, na viumbe wenye gamba gumu huganda kwenye mashina mpaka yanalala. Mikoko ina aina nyingi, na pale mbele ni pa aina iitwayo mlilana. Aina iitwayo mkoko wenyewe inataka nyuma kidogo, na ile iitwayo mchu hustahimili hata sehemu za juu zenye chumvi nyingi.

Kabla ya kupanda tena, tembeeni eneo zima wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, muone maji yanafika wapi. Mifereji iliyozibwa na mchanga au tuta izibueni kwanza. Mara nyingi maji yakirudi miche huota yenyewe, na hamna haja ya kupanda chochote.

Mkipanda, okoteni mbegu za mkoko wenyewe zilizoanguka au zinazong'oka kwa kuguswa tu, zenye pete ya manjano shingoni. Zenye matundu ya wadudu tupeni. Ziwekeni kivulini chini ya gunia bichi, na mzipande ndani ya siku chache. Chomekeni theluthi moja tu, ncha kali chini, mita moja kwa mita moja, wakati wa maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo tu.

Msing'oe miche ya asili kuihamisha, mizizi hukatika. Na ofisi ya misitu ijulishwe mapema, maana mikoko ni mali ya serikali hata ikiwa nyuma ya nyumba yenu.